Kuotea, penalti iliyogonga mwamba, kipa kung'ang'ania mpira: mechi za shule zinaamuliwaje?

Mwalimu wa Michezo (Tandahimba)

Wakuu, habari za jioni. Mechi za kujiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, zimepamba moto, na huku ngazi ya kata nyingi zinachezeshwa na walimu, waamuzi wa chama ni wachache. Magomvi ni yaleyale. Naomba mwenye kujua sheria anipe majibu yaliyonyooka niyabandike ofisini.

Kwanza kuotea. Kipa katoka golini kufuata mpira, beki mmoja kabaki kwenye mstari wa goli, straika yuko katikati yao wawili. Anapasiwa, anafunga. Wengine wanasema goli halali kwa sababu kuna beki nyuma yake, wengine wanakataa. Pili, penalti imegonga mwamba ikamrudia mpigaji yuleyule, akatia wavuni. Tatu, kipa anakumbatia mpira mpaka watazamaji wanazomea. Nne, kiwanja kimezungukwa na mikorosho na tawi moja limeingia ndani. Krosi ikigonga tawi na kumwangukia mshambuliaji tunafanyaje? Halafu kiwanja chenyewe kilipimwa kwa hatua za miguu, na timu moja nusu ya wachezaji wanacheza peku.

Filimbi_Lindi

Mwalimu, hiyo ya kwanza ni kuotea, filimbi ipulizwe bila kusita. Sheria ya 11 inahesabu wapinzani wawili wa mwisho, wawe nani iwe nani. Kwa kawaida wa mwisho ni kipa, ndiyo maana watu wakazoea kutazama "beki wa mwisho" peke yake. Kipa akitoka, hesabu inaanza upya: beki wa kwenye mstari ni wa mwisho, kipa aliyepanda anakuwa wa pili kutoka mwisho. Straika yuko karibu na goli kuliko huyo wa pili, na yuko mbele ya mpira. Ameotea.

Msimamizi ajiulize maswali matatu kwa wakati mmoja: straika yuko nusu ya wapinzani? Yuko mbele ya mpira? Yuko mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho? Jibu la "hapana" kwenye lolote, hajaotea. Akilingana na beki, hajaotea. Akiwa juu ya mstari wa katikati, hajaotea. Kinachopimwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu. Mikono haihesabiwi, ya mshambuliaji, ya beki, hata ya kipa, na mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa.

Kosa kubwa la washika vibendera wa shule ni muda wa kutazama. Wanaangalia straika alipo anapoupokea mpira, wakati kinachotakiwa ni alipokuwa mwenzake alipougusa ule mpira kuupiga. Mtoto mwenye mbio akianza sawa na beki, anapofika kwenye mpira ameshamwacha mita 5, na kibendera kinapanda. Goli halali linakufa hapo. Na kinyume chake kipo: aliyekuwa ameotea pasi ilipopigwa, akarudi nyuma kuja kuipokea, bado ameotea. Kurudi hakumsafishi.

Kusimama tu mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kuucheza mpira, au kumsumbua mpinzani (kumziba kipa asione, kumbana beki asiufikie), au kunufaika na mpira uliogonga mwamba au uliookolewa na kipa ukamjia. Hili la mwisho huwa linakataliwa kwa kelele, eti "kipa kaugusa, kwa hiyo mpira mpya". Kipa akipangua shuti, mpira haujawa mpya kwa aliyekuwa ameotea. Unakuwa mpya beki anapoucheza kwa makusudi, yaani alikuwa na nafasi na muda wa kuumiliki au kuupiga, hata kama aliupiga vibaya. Mpira uliombabatiza tu haumsafishi straika.

Hakuna kuotea moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa goli (ule wa kuanzia golini), mpira wa kurusha na kona. Lakini angalia kona fupi: mpigaji anampa mwenzake wa karibu, anarudishiwa yeye mwenyewe akiwa bado kwenye mstari wa goli. Mguso wa pili si kona tena, na mara nyingi hapo ameotea.

Adhabu yake ni faulo isiyo ya moja kwa moja, pale alipofanya kosa, hata kama amerudi kwenye nusu yake. Mkono wa mwamuzi unabaki juu mpaka mpira uguswe na mchezaji mwingine au utoke. Ukienda wavuni wenyewe bila kuguswa, hakuna goli, unapigwa mpira wa goli.

Beki_wa_Masasi

Naongezea kwenye penalti. Mwamba si mchezaji. Mpigaji haruhusiwi kuugusa tena mpaka mchezaji mwingine auguse, kwa hiyo hilo goli linakataliwa na wapinzani wanapewa faulo isiyo ya moja kwa moja hapo alipougusa mara ya pili. Kipa angeupangua, au hata kuugusa kidogo kwa ncha ya glovu ukagonga mwamba, mpigaji ana haki kumalizia. Ndiyo maana mwamuzi asisimame nyuma ya mpigaji. Akae pembeni, aone glovu.

Viwanja vyetu vya mchanga vina jambo jingine. Mpigaji anateleza, mpira unagonga mguu wa kupigia kisha unamgusa mguu wa kusimamia, unaingia. Baada ya penalti ya Julián Álvarez dhidi ya Real Madrid Machi 2025, IFAB (bodi inayotunga sheria za soka) walifafanua: kama kuugusa mara mbili ni bahati mbaya na goli limeingia, penalti inarudiwa. Kama haikuingia, faulo isiyo ya moja kwa moja kwa wapinzani.

Kipa naye lazima awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, usawa wake au nyuma yake, mpira unapopigwa. Mstari ukifutika asijue pa kusimama, chora upya kabla ya kupuliza filimbi. Mpigaji kusitasita wakati wa kukimbilia mpira ruksa. Akishafika, akasimama kumdanganya kipa ndipo apige, kadi ya njano na faulo kwa wapinzani.

Kipa kukumbatia mpira: sekunde 6, zikipita ni faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya kumi na nane (boksi la penalti).

Dada_wa_Filimbi (Mtwara)

Kaka Beki, hiyo ya sekunde 6 imeshabadilishwa. Kwenye sheria za 2025/26 ni sekunde 8, na adhabu yake ni kona. Sekunde zinaanza kuhesabiwa kipa anapokuwa ameumiliki mpira sawasawa na hakuna mpinzani anayemzonga. Mwamuzi anahesabu tatu kimya, halafu ananyoosha mkono juu na kuhesabu 5 za mwisho kwa vidole ili kila mtu aone. Kona inapigwa upande ulio karibu na alipokuwa kipa. Kwa mechi za shule mabadiliko haya ni nafuu kweli, kwa sababu ile faulo ya ndani ya boksi, na ukuta wa watoto 11 kwenye mstari wa goli, waamuzi wengi waliiogopa wakaacha kuitoa kabisa.

Usichanganye na pasi ya beki. Beki akimpigia kipa wake kwa mguu makusudi, au akimrushia moja kwa moja, kipa akadaka, adhabu bado ni faulo isiyo ya moja kwa moja, bila kadi. Kama alidakia ndani ya boksi dogo, mpira unawekwa kwenye mstari wa boksi hilo unaokwenda sambamba na mstari wa goli, sehemu iliyo karibu na tukio. Kichwa, kifua na goti ruksa, ila asiwe ameupandisha mpira kwa mguu ili aupige kichwa kwa ujanja wa kukwepa sheria. Hapo faulo ipo, na beki mwenyewe anakula njano.

Tawi la mkorosho: hicho ni kitu cha nje kilichoingilia mchezo. Simamisha, dondosha mpira. Krosi ikiwa ndani ya kumi na nane unamdondoshea kipa, wengine wote wakae mita 4. Mpira ukishagusa ardhi ndipo unachezwa. Vilevile ikiingia mbuzi au mpira wa pili ukaingilia mchezo. Lakini dawa ya tawi ni panga kabla ya mechi, na mwenye mkorosho aombwe kwanza, maana huku tawi la mkorosho ni mali ya mtu.

Mzee_wa_Kamba (Nachingwea)

Mnajadili penalti na kiwanja kimepimwa kwa hatua! Hizo "hatua 12" na "hatua 18" za mazoea asili yake ni yadi. Yadi ni sentimita 91 na kitu. Hatua ya kawaida ya mtu mzima anayetembea ni kama sentimita 75. Hatua 12 zinakupa mita 9 wakati penalti ni mita 11. Hatua 18 zinakupa mita 13.5 wakati boksi ni mita 16.5. Mita 3 zimepotea, na faulo zote za eneo hilo mtazibishania bure.

Tafuta utepe wa mafundi wa mita 30 au 50, kamba ya nailoni isiyovutika na vigingi. Kiwanja cha mashuleni mita 100 kwa 64 kinatosha, kwa kuwa sheria inataka urefu mita 90 hadi 120 na upana 45 hadi 90. Si kila sehemu kuna uwanja kama Nangwanda Sijaona pale Mtwara au Majaliwa pale Ruangwa, lakini pembe mraba haina gharama. Piga kigingi kwenye kona. Pima mita 3 kwenye mstari wa goli na mita 4 kwenye mstari wa pembeni, kisha ncha hizo mbili zipishane mita 5 kamili. Zikizidi au kupungua, sogeza mstari wa pembeni mpaka zikae. Ukimaliza kona zote nne, vuta kamba kona kwa kona. Kwa 100 kwa 64 mshazari unapaswa kuwa mita 118.7 pande zote mbili. Ukikuta mmoja 118 na mwingine 119 na nusu, kiwanja kimelala upande.

Boksi ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na utepe. Wanapima 16.5 kuanzia katikati ya goli. Inapimwa kutoka ukingo wa ndani wa kila mlingoti, kwa hiyo upana wote ni mita 40.32. Boksi dogo mita 5.5 kutoka ndani ya kila mlingoti, jumla 18.32. Nukta ya penalti mita 11 kutoka katikati ya mstari wa goli. Ukiwa kwenye nukta hiyohiyo, vuta kamba mita 9.15 uchore ule upinde wa nje ya boksi. Duara la kati nalo 9.15. Mistari isizidi sentimita 12, na mstari ni sehemu ya eneo lake: beki akifanya faulo juu ya mstari wa kumi na nane, hiyo ni penalti.

Goli mita 7.32 kati ya milingoti, na 2.44 kutoka chini mpaka ukingo wa chini wa mtambaa panya. Hapo nenda ukapime tena leo, usiamini namba ya siku goli lilipojengwa. Kipa anachimba mchanga kwa viatu mpaka panakuwa na shimo, unakuta goli limefika mita 2.60. Jaza mchanga, mwagia maji, shindilia. Kamba haikubaliki kuwa mtambaa panya. Ukivunjika na hakuna mti wa kubadilisha, mechi inavunjwa.

Chokaa: tumia iliyozimwa, na kavu isiachwe wanafunzi wamwage kwa mikono mitupu, inawasha macho na ngozi. Kusi likivuma linaipeperusha yote. Lowesha mstari kwanza, mwaga chokaa, nyunyizia maji tena. Majivu yanafaa pia, kwenye udongo mwekundu yanaonekana vizuri, kwenye mchanga mweupe hayaonekani. Wale wanaochimba mstari kwa jembe waache, mfereji wa sentimita 5 unatosha kuvunja kifundo cha mguu.

Mwalimu wa Michezo (Tandahimba)

Asanteni sana wakuu. Mzee wa Kamba shikamoo, utepe nitaazima kwa fundi. Swali la nyongeza: vibendera vyetu vinashikwa na walimu wa timu zinazocheza, mmoja kila upande. Tuwaamini kwenye kuotea?

Filimbi_Lindi

Kwa maoni yangu, hapana. Wape kazi moja: mpira uliotoka wote nje ya mstari. Wote, maana yake hata kipande cha mpira kikiwa bado juu ya mstari, uko ndani, na hewani ni hivyohivyo. Kuotea, faulo na kuunawa mpira ubaki navyo wewe, na uwaambie manahodha wote wawili wakisikia kabla ya kurusha shilingi. Mkishakubaliana, beki hana sababu ya kusimama na kuinua mkono akisubiri kibendera.

Ukipata waliofundishwa, wapange kila mmoja nusu yake, kutoka mstari wa katikati mpaka kona, mmoja upande wa kulia na mwingine wa kushoto. Wewe unakimbia mshazari ili mchezo ubaki kati yako na mmoja wao. Msaidizi anakaa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au na mpira ukiwa karibu zaidi na goli, na anatembea kiubavu kama kaa, kifua kikitazama uwanjani. Akigeuka akimbie kawaida, anapoteza mstari. Kibendera akishike mkono ulio upande wako. Akiona aliyeotea, asubiri sekunde moja au mbili aone nani ataucheza mpira. Kama ni mwingine aliyetoka nyuma, kibendera kikae chini. Akiinua ni wima kwanza. Ukipuliza, anaonyesha mahali: mshazari juu kwa upande wa mbali, bapa kwa katikati, mshazari chini kwa upande wake.

Wewe mwenyewe filimbi iwe isiyo na kokwa (kile kipira cha ndani). Ya kokwa ikiingia mchanga inakwama, na inakwama siku ya penalti.

Beki_wa_Masasi

Na peku je? Sheria ya 4 inataka viatu, soksi na vilinda ugoko. Ukisimamia hivyo shule nyingi za vijijini hazichezi.

Dada_wa_Filimbi (Mtwara)

Kwenye mashindano yenye kanuni, viatu lazima, hakuna mjadala. Kiatu kikimvuka mchezaji katikati ya mchezo anaruhusiwa kuendelea mpaka mpira utoke, na akifunga kabla ya hapo, goli lipo. Kwa mechi ya kirafiki ya mazoezi mimi siogopi peku, naogopa mchanganyiko. Mwenye njumu za chuma dhidi ya mguu mtupu, mtu ataumia na hakuna sheria itakayokuokoa. Kubalianeni kabla: ama wote raba zisizo na njumu, ama wote peku. Pete, cheni, bangili na vikuku vyote vitolewe. Kuvifunika kwa plasta hakuruhusiwi.

Mengine ya kukubaliana siku hiyohiyo: dakika ngapi kila kipindi, sabu ngapi, na kama aliyetoka anaweza kurudi. Kwa mpira wa vijana sheria zinaruhusu waandaaji kubadilisha hayo, lakini kabla mechi haijaanza. Timu ikibakiwa na wachezaji chini ya 7, mechi haianzi wala haiendelei. Na mwalimu wa timu anayeingia uwanjani kufoka anaonyeshwa kadi sawa na mchezaji. Wakifoka benchi zima na humjui aliyeanza, kadi anapewa kocha mkuu aliyepo.

Beki_wa_Masasi

Sawa dada. Mwalimu, kamba ya watazamaji iwe mita 3 kutoka mstarini, hasa nyuma ya magoli, wanafunzi wanapenda kukaa palepale miguu imeingia ndani. Wakiingia uwanjani ukashindwa kuwatoa, vunja mechi, andika dakika, matokeo yalivyokuwa na kilichotokea. Nani apewe ushindi waamue waandaaji.

Mzee_wa_Kamba (Nachingwea)

Marahaba mwalimu. Muda pia upime. Mwezi wa sita jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili jioni. Mechi ya dakika 35 kwa 35 na mapumziko 10, ukianza saa kumi na nusu unamaliza jua likizama kwa sababu ya dakika za nyongeza, na mikwaju ya penalti huioni. Anza saa tisa na nusu.

Filimbi_Lindi

Kwenye mikwaju hiyo, rusha shilingi mara mbili: ya kwanza kuchagua goli, ya pili anayeshinda achague kuanza au kufuata. Kama goli moja lina shimo la mchanga au jua la usoni, unaruhusiwa kuchagua goli wewe kwa usalama, bila shilingi. Kabla ya mkwaju wa kwanza hesabu vichwa. Timu moja ikiwa na 10 kwa sababu ya kadi nyekundu au majeruhi, nyingine nayo inapunguza mmoja, na nahodha anakutajia jina na namba ya anayetoka. Wakiruka hatua hii, yule wa 11 wa timu kamili atakwepa zamu, na mpigaji mzuri wa timu pungufu atarudia mapema kuliko mwenzake. Kila timu mikwaju 5, unaandika kila mmoja kwenye kijitabu, na mpigaji haruhusiwi kumalizia mpira unaorudi, uwe umetoka kwa kipa au kwenye mwamba.